Kabla Hujaposti "Niko Ushago", Uliza Ploti Iko kwa Jina la Nani

Kila Desemba mnajua vile inakuwaga. Steji za Nairobi zinafurika, nauli inapanda bila aibu, na kila msee anaposti "niko njiani ushago." Mimi pia. Ushago wetu uko Nyeri, kama kilomita 150 kutoka Nairobi, kwenye kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa kilima. Ukifika utashangaa kitu kimoja. Pande zote ni mashamba, chai huku, kahawa kule, lakini nyumba zetu zimebanana ukuta kwa ukuta kama mtaa wa Eastlands. Ukipiga chafya, jirani anakwambia pole akiwa kwake.

Nikiwa mdogo niliona ni kawaida tu. Nilipokua ndio nikaanza kujiuliza: kama huku ni mashambani, mbona sisi hatuna shamba?

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kikuyu, kijiji ni gĩcagi. Mimi niko upande wa wale wanaosema "ushago" na "shags" zilizaliwa hapo. Na kama ndivyo, basi neno letu la kumaanisha nyumbani kwa mababu lina kejeli ndani yake, kwa sababu mababu zetu hawakuwa watu wa vijiji. Kila boma lilikuwa kwenye shamba lake, limetawanyika na mengine. Kijiji kililetwa na serikali, na kililetwa kwa bunduki.

Shosho wangu alikuwa na miaka kama 12 wakati huo. Yeye huniita "mume wangu", kwa sababu mimi ndiye mjukuu niliyepewa jina la babu, na kwetu shosho humwita hivyo mjukuu wa jina hilo. Hiki ndicho alichonisimulia jikoni, jiko la kuni likitoa moshi na sisi tukimenya viazi:

"Tuliambiwa tubomoe nyumba yetu wenyewe, mume wangu. Mbao tukabeba kichwani. Tulipofika pale juu tukaonyeshwa mstari, tukaambiwa jengeni hapa. Mvua ilikuwa inanyesha."

Sasa tuweke historia sawa. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na Gavana Evelyn Baring, kupambana na Mau Mau. Kufikia katikati ya 1954, serikali ya kikoloni iliamua kuwahamisha watu wote wa maeneo ya Wakikuyu hadi vijiji vyenye ulinzi. Haikuwa mbinu mpya. Waingereza walikuwa wameshaitumia Malaya kuanzia 1950, ambako walihamisha watu kama nusu milioni. Huku kwetu, kufikia mwisho wa 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamerundikwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi! Hakuna mradi wa nyumba wa serikali yoyote ya Kenya, kabla au baada ya hapo, uliosogeza watu wengi hivyo kwa haraka hivyo.

Na ulikuwa mradi uliopangwa. Nyumba kwa mistari ili askari aone mbali. Mlango mmoja wa kuingilia. Kambi ya homguadi juu, na mnara wa kuchungulia. Mtaro kuzunguka kijiji, umejaa vijiti vilivyochongwa ncha. Kafyu. Kando ya msitu wa Mlima Kenya ulichimbwa mtaro mwingine wa maili 50 kuzuia chakula kisiwafikie wapiganaji. Wanaume wengi walikuwa vizuizini, kwa hivyo kazi kubwa ya majembe ilifanywa na akina mama. Ukiona barabara ya kijiji imenyooka kama rula na nyumba zimepangwa kama darasani, hiyo ni ramani iliyochorwa ili watu walindwe kama mifugo. Tunaishi ndani yake mpaka leo.

Lakini mimi naona kijiji kilikuwa nusu tu ya hadithi. Nusu nyingine ilikuwa ya kalamu.

Mwaka huo huo wa 1954 ulitoka Mpango wa Swynnerton, uliopewa jina la ofisa wa kilimo Roger Swynnerton. Ukiusoma juu juu ni mpango mzuri wa maendeleo. Unganisha vipande vya ardhi vilivyotawanyika, kila mkulima apate shamba moja na hati yake, aruhusiwe kupanda kahawa, apate mkopo. Ni kweli, uchumi wa kahawa na chai tunaouona Othaya, Tetu na Mathira una mizizi hapo. Ila mpango wenyewe ulikubali waziwazi kwamba wengine watapata ardhi zaidi na wengine watabaki bila. Na upimaji ulifanywa wakati gani? Wakati ambapo watu wako vijijini chini ya ulinzi na maelfu ya wanaume wako kambini. Yule aliyekuwepo na aliyeelewana na wakubwa ndiye aliyeandikwa.

Babu yangu alikuwa Manyani. Aliporudi alikuta shamba la baba yake limeshapimwa na kuandikwa jina la mtu mwingine.

Mtaniuliza, mbona hakwenda kortini? Hapa ndipo nataka msome polepole. Sheria ya usajili wa ardhi ya 1959, na baadaye Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, zililinda usajili wa kwanza. Yaani jina likishaingia kwenye rejista mara ya kwanza, korti haikuweza kulitoa hata kama liliingizwa kwa ulaghai. Sheria hiyo ya 1963 ilidumu mpaka 2012. Karibu miaka hamsini ya uhuru, na orodha iliyoandikwa wakati wa kafyu bado ilikuwa ndiyo neno la mwisho.

Hali ya hatari ilipoisha mnamo 1960, wenye mashamba walikuwa wameanza kurudi kwenye mashamba yao. Wasio na shamba walienda wapi? Walibaki pale pale kijijini. Babu akabaki kwenye ploti ndogo pale kijijini, akaoa, akajenga. Ndivyo kambi ilivyogeuka kuwa nyumbani.

Baada ya 1963 ardhi ya vijiji hivi ikawa chini ya mabaraza ya kaunti ya zamani, kama ardhi ya umma. Wakaaji hawakufukuzwa, lakini hawakupewa hati pia. Na ukosefu wa karatasi si jambo dogo vile watu hufikiria. Huwezi kupeleka ploti benki. Unaogopa kujenga kwa mawe kwa sababu hujui kesho, kwa hivyo unajenga kwa mbao na mabati, miaka sitini. Watoto wanazaliwa, kila mmoja anapachika chumba kimoja ubavuni mwa kingine. Njia zinazidi kuwa nyembamba hadi lori la maji halipiti. Halafu mtu anakuja kutoka mjini anasema, "hawa watu hawajui kupanga." Tulipangwa, boss. Tulipangwa vibaya, kisha tukasahauliwa.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mchezo. Machi 2013 kaunti 47 zikaanza kazi, na Jedwali la Nne la Katiba likazipa jukumu la mipango na maendeleo, pamoja na upimaji wa ardhi, ramani na makazi. Nyeri, iliyokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati, ikabaki na majengo mengi ya serikali na swali moja la zamani. Vijiji vya kikoloni vitapata hati lini?

Nitakuwa mkweli, kazi imefanyika. Kaunti imepeleka wapimaji vijijini, na wizara ya ardhi, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kutoa hati, imewapa wakaaji wa baadhi ya vijiji karatasi zao. Vingine bado. Kumbuka pia mwaka 2017 pekee Nyeri ilikuwa na magavana wanne: Nderitu Gachagua akafariki Februari, Samuel Wamathai akamalizia muhula, Wahome Gakuru akachaguliwa Agosti na kufariki kwa ajali Novemba, kisha Mutahi Kahiga akashika usukani. Kaunti iliyopitia msiba wa namna hiyo mara mbili ina haki ya kuchelewa kidogo.

Lakini kuna sababu nyingine, na hii ni yetu sisi wapiga kura. Tunapenda maendeleo yanayopigwa picha. Pale mjini, Asian Quarters, kuna kituo cha magari kilichopewa jina la Field Marshal Muthoni Kirima, mpiganaji aliyekaa msituni hadi uhuru ulipopatikana. Kilizua mabishano makali kati ya kaunti, wenye matatu na wafanyabiashara waliosema wateja watawapotea. Kila mtu mjini alikuwa na maoni. Sawa kabisa, mji unahitaji steji. Ila jiulize ni lini mara ya mwisho umeona vijana wakibishana mtandaoni kuhusu bajeti ya upimaji wa ardhi. Bikoni haiwezi kutrendi. Imezikwa ardhini.

Sasa nifike kwetu. Mwaka jana wapimaji walifika kijijini. Walipima, wakaandika, na baada ya miezi kadhaa orodha ikabandikwa ukutani ili watu waikague na kutoa malalamiko. Shosho haoni vizuri, akanituma niende kusoma. Nikatafuta ploti yetu. Ilikuwa imeandikwa jina langu.

Yaani jina langu kamili. Sisi Wakikuyu majina yanazunguka: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Babu alikuwa fulani mwana wa fulani, na mimi ni fulani yuleyule mwana wa fulani yuleyule. Kumbe walichukua jina kwenye kitabu cha zamani, na hakuna aliyeuliza kama mwenyewe yuko hai. Babu alifariki nikiwa darasa la tatu.

Msee mmoja aliyekuwa pale na faili mkononi alinitazama, akatazama kitambulisho changu, akacheka. "Basi umeshinda, kijana. Nyamaza tu, nambari ya kitambulisho tunaweza kujaza."

Sitadanganya kwamba sikufikiria. Nilifikiria njia yote hadi nyumbani. Ploti kwa jina langu nikiwa na miaka 24! Hakuna kesi ya urithi, hakuna shangazi wa kuulizwa. Nilifika nikamkuta shosho ameketi mlangoni akinisubiri.

"Waliandika nani, mume wangu?"

Nikamwambia ukweli. Alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Babu yako aliandikiwa hivyo hivyo akiwa mbali. Wewe leo ndiye uko karibu."

Hakuongeza neno. Jumapili tukawaita baba, wajomba na shangazi zangu wawili, mmoja wao aliyerudi nyumbani na watoto baada ya ndoa kuvunjika na anayelala kwenye kile chumba cha ubavuni. Tuliongea mpaka giza likaingia, na si kwa utulivu. Mwishowe tuliandika barua ya malalamiko: ploti iandikwe jina la shosho, yeye aliye hai na aliyeishi hapo tangu aolewe. Baada yake, watoto wote, wa kike na wa kiume. Hati bado haijatoka. Barua imepokelewa, muhuri ninao.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kaunti inapotoa hati kwa vijiji vya kikoloni, inaandika upya ile orodha ya 1954. Sheria ya leo ni afadhali, hati iliyopatikana kwa njia haramu inaweza kupingwa kortini. Lakini kesi ni pesa na miaka, na shosho hana vyote viwili. Orodha ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Kama ushago wenu uko Nyeri, Murang'a, Kirinyaga au Kiambu na nyumba zimepangwa kwa mistari, kuna uwezekano mkubwa ni kijiji kama chetu. Nenda ofisi ya chifu au ya mwakilishi wadi, uliza kama kimepimwa. Orodha ikibandikwa, isome yote, si jina lenu pekee. Angalia kama kuna mama aliyeachwa nje. Angalia njia na uwanja wa watoto vimeandikwa vya umma au vimeingia kwenye ploti ya mtu. Na mkutano wa ushirikishwaji wa umma ukiitwa Jumanne asubuhi, siku ambayo wazee pekee ndio hupatikana, omba ruhusa kazini uende.

Wanawake wa umri wa shosho walichimba mtaro wa kijiji hiki wakiwa wasichana, na hakuna hata karatasi moja yenye majina yao. Desemba hii nitaenda tena ushago. Kabla ya kuposti picha yoyote, nitapitia ule ukuta kwanza.