Plazma Iliyopigwa Mwanga

Iko picha iliyopigwa Sicily mwezi Agosti 1943. Askari wa Marekani amelazwa kwenye machela, na mhudumu wa tiba amepiga goti kando yake, mkono mmoja ameuinua juu na chupa, kilichomo kiteremke kwenye mpira hadi kwenye mshipa wa majeruhi. Akina mama wa kijiji wamesimama wanatazama. Kilichomo chupani si damu. Ni plazma, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishaondolewa chembe zake.

Plazma iliyapendeza majeshi kwa sababu ilikaushwa ikawa unga, ikasafiri bila jokofu. Furushi moja lilikuwa na vyombo viwili, cha unga na cha maji safi. Mhudumu alichanganya, akasubiri dakika chache, akatundika. Lakini kiwandani plazma haikukaushwa ya mtu mmoja mmoja. Ilimiminwa pamoja, ya wachangiaji hamsini au zaidi, na samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mchangiaji mmoja mwenye homa ya ini, ambaye huenda hata yeye hajijui, alitosha kuharibu pipa zima.

Hatari hiyo haikuwa siri. Mwaka 1942 askari wa Marekani wapatao 50,000 waliugua homa ya ini, macho yamegeuka manjano, baada ya kuchanjwa dhidi ya homa ya manjano. Chanjo ile ilikuwa imetengenezwa kwa seramu, yaani maji ya damu, ya binadamu. Balaa la ugonjwa huu ni kuchelewa: unaweza kukaa miezi miwili, mitatu, hata zaidi, kabla ya kujitokeza. Daktari aliyetundika chupa alimwona mgonjwa wake akipata nafuu, akamuaga. Umanjano ulimkuta mtu kwingine kabisa, mbele ya daktari mwingine.

Dawa iliyotafutwa ilikuwa mwanga. Alexander Hollaender, mtaalamu wa mionzi, alikuwa ameonyesha mwaka 1939, akitumia mbegu za kuvu wa mapunye, kwamba mionzi ya urujuanimno inayoua zaidi ni ile ile inayofyonzwa na asidi za kiini, zile zinazobeba urithi. Mwaka 1946 yeye na John Oliphant walitangaza kwamba seramu yenye ugonjwa, ikipigwa mionzi hiyo, hupoteza makali yake. Zikaundwa mashine za kutandaza plazma iwe utando mwembamba mbele ya taa, kwa sababu urujuanimno hauzami: katika kimiminika kizito kama plazma huishia juu juu. Plazma ikapitishwa kwenye taa, ikakaushwa, ikafungwa, na ikaaminiwa. Sidhani walioiamini walikuwa wazembe. Walikuwa na jaribio lililofaulu mkononi, na nyuma yao vita vilivyowafunza kwamba plazma huokoa watu.

Vita vya Korea vikaanza mwaka 1950, na plazma iliyopigwa mwanga ikapelekwa huko. Hesabu ya jeshi lenyewe ikaja kuonyesha kwamba karibu watu 22 katika kila 100 waliopewa plazma walipata homa ya ini. Mtafiti Roderick Murray na wenzake wakarudia jaribio kwa plazma iliyojulikana kuwa na ugonjwa, wakaipiga mwanga, wakawadunga watu waliojitolea. Watu wakaugua. Ripoti yao ilitoka mwaka 1955. Kuzidisha mwanga nako kulikuwa na mipaka, maana mionzi inayovunja kirusi cha homa ya ini huvunja pia protini ambazo mgonjwa anazihitaji.

Jeshi halikungoja ripoti. Agosti 1953 liliagiza plazma isitumiwe tena kujaza mishipa ya majeruhi, ila pale ambapo dekstrani, sukari inayotengenezwa na bakteria, haipatikani. Wakati huo huo jibu jingine lilikuwa limeshapatikana, tena la jikoni. Albumini, protini iliyochujwa kutoka kwenye plazma, ilivumilia joto la nyuzi 60 kwa saa 10 ikitiwa vidhibiti, na kirusi hakikuvumilia. Joto halina kivuli. Hufika kila pembe ya chupa. Albumini inapashwa hivyo mpaka leo.

Katika benki kubwa za damu mionzi ipo bado, ila ni ya gama au eksirei, inayopenya mfuko mzima, na haitafuti virusi. Kipimo cha grei 25 huzifunga uzazi chembe nyeupe za mchangiaji, zisije zikaota ndani ya mgonjwa dhaifu na kumshambulia. Virusi haviathiriwi na kiasi hicho.

Urujuanimno nao ulirudi, kwa mlango mwingine. Huko Kumasi, Ghana, damu nzima ilitiwa vitamini B2, ambayo mwanga ukiigusa huharibu asidi za kiini za vijidudu. Mfuko ukalazwa chini ya taa na kutikiswa mfululizo, ili kila tone lipate zamu yake juu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Miongoni mwa wagonjwa wasio na malaria waliopewa damu yenye vimelea vya ugonjwa huo, wale wa damu isiyotibiwa walikuwa 37, na 8 kati yao wakaambukizwa. Wa damu iliyotikiswa chini ya taa walikuwa 28. Aliambukizwa mmoja.