Tezi, Omo na Ngama

Nilizaliwa bara, mbali na bahari. Chombo cha kwanza nilichopanda kilikuwa cha karatasi: "Kisiwa chenye Hazina", hadithi ya Robert Louis Stevenson iliyotoka kitabu mwaka 1883, ikafasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929. Tuliisoma shule ya kati, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Maharamia tuliwaelewa upesi. Chombo chao ndicho kilichotushinda. Mlingoti ni nini? Usukani uko wapi? Mwalimu wetu, naye mtu wa bara, alijibu, "Ni vitu vya melini," tukaendelea.

Nami nikawa mwalimu wa namna hiyohiyo. Mwaka 1978, nikiwa chuo cha ualimu, nilifundisha methali "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Nikasema tezi ni mbali na omo ni karibu. Kijana mmoja wa Pangani akasimama.

"Samahani, Mwalimu. Baba yangu ni baharia. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Ngama ni chini kabisa, maji yanapokusanyika."

Nikamwambia akae, asituletee mambo ya pwani. Wenzake wakacheka.

Usiku nilifungua kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, kazi ya mfasiri yuleyule. Kijana alikuwa sahihi kwa kila neno. Nikaona haya. Kiunguja kilichaguliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Johnson akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Lakini Mwingereza yule hakuzaliwa na maneno ya chombo. Yalikuwa ya watu wa pwani, nao waliyapokea mengine kutoka ng'ambo: nahodha kwa Waajemi, usukani kwa Waarabu, bendera kwa Wareno. Mimi niliyaamini yalipokuwa kitabuni, nikayakataa yaliposemwa na mtoto wa mwenyewe.

Asubuhi nilimwomba radhi mbele ya darasa, nikampa chaki. Akachora jahazi ubao mzima, akaandika jina la kila sehemu. Nilikaa dawati la nyuma, nikanakili pamoja na wanafunzi wangu.

Msomaji, tangu siku ile nimezunguka vitabu vingi. Nikikutana na neno gumu, marejeo yangu ni palepale ubaoni: nauliza kwanza ni nani aliyelikuta kwao.