Arifa ya ‘nakala imekwama’ kati ya seva mbili: fundi aanzie wapi?

Chukulia kituo cha afya pale Buzebazeba, Kigoma, chenye seva ya kumbukumbu za wagonjwa. Kila kinachoingia kinanakiliwa kwenda hifadhi nyingine Dar es Salaam, ili ya Kigoma ikiungua mafaili yabaki. Asubuhi moja simu ya fundi inalia: arifa nyekundu, nakala imekwama. Wagonjwa wanaendelea kuhudumiwa, ndiyo maana wengi huipuuza. Lakini kuanzia dakika hiyo, kila rekodi mpya ipo sehemu moja tu.

Usikimbilie kubadili mipangilio. Soma arifa ilianza saa ngapi, kisha linganisha na muda umeme au faiba ilipokatika. Mara nyingi kosa liko njiani, sio kwenye diski.

Pingi kutoka Kigoma kwenda Dar, halafu kinyume chake, maana kuna fayawoli zinazoruhusu upande mmoja. Na ping ikijibu usishangilie. Hifadhi ikituma pakiti za baiti 9,000 wakati ruta ya katikati inapitisha 1,500, pakiti ndogo zitapita na kubwa zitakwama. Pingi tena kwa pakiti kubwa isiyoruhusiwa kugawanywa.

Njia ikiwa nzima, kagua saa za mifumo yote miwili (zikipishana sana, vyeti vya usalama hukataliwa) na nafasi iliyobaki Dar. Diski ikijaa, nakala husimama.

Kuna suala la umbali pia. Kwa Reli ya Kati, Dar hadi Kigoma ni takriban kilomita 1,250. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 12 hivi kabla hata ya kuhesabu vifaa vya njiani. Kuilazimisha Kigoma isubiri Dar ithibitishe kila maandishi kutafanya mfumo ujivute. Bora nakala inayofuata nyuma kidogo.

Tatizo ni foleni. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde hupitisha takriban GB 4.5 kwa saa. Kituo kikizalisha GB 40 kwa siku na laini ikalala siku mbili, GB 80 zinahitaji karibu saa 18, na mpya zinaendelea kuingia. Arifa haitazimika palepale laini ikirudi. Kuzima na kuwasha seva hovyo kunaweza kurudisha kazi mwanzo.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua nchini. Nakala inayopita Mkongo wa Taifa ndani ya nchi haitegemei nyaya hizo. Iliyohifadhiwa Afrika Kusini au Ulaya inaweza kuzitegemea.

Kosa baya zaidi ni kuifungua nakala ya Dar ianze kuandikwa wakati Kigoma nayo inaandika. Hapo mgonjwa mmoja ana mafaili mawili yasiyolingana. Na kabla ya kubonyeza kuoanisha upya, hakikisha mshale unatoka Kigoma kwenda Dar. Ukigeuka, data ya zamani itafuta mpya.