Liemba, meli iliyosimama kila kijiji



Ukiwauliza Warundi wengi wa rika letu hapa Nyarugusu waliingia Tanzania kupitia wapi, watakujibu Kigoma. Hata kwenye karatasi za baadhi yetu imeandikwa hivyo hivyo. Lakini kaa na mama zetu jioni wakichambua maharage, utasikia jina lingine: Kagunga. Sisi tunaojitolea kutafsiri tumelisikia mara nyingi mno, na mara nyingi anayeandika analiruka. Anaona ni kituo tu cha njiani. Basi leo tuongee habari ya vituo, na ya meli iliyovijua.

Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku kama 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, halafu kwa reli kuelekea Kigoma. Huko ikaungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen, aliyewahi kuwa gavana wa koloni, na kazi yake ilikuwa vita. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanakimbia, waliizamisha wenyewe karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Mashine walizipaka grisi nzito kwanza, ati watarudi kuichukua. Hawakurudi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa.

Hapo ndipo ikageuka kuwa basi. Yaani basi kabisa, lile la kijijini linalosimama kila penye mtu na mzigo. Kutoka Kigoma ilishuka kusini hadi Mpulungu, Zambia, ikipita Mgambo, Kalya, Ikola, Karema, Kabwe, Kirando, Kipili, Kasanga na vijiji vingine katikati. Safari ilichukua siku mbili, tatu. Upande ule milima ya Mahale inashuka mpaka majini, barabara ni shida, kwa hiyo wengi hawakuwa na usafiri mwingine wa maana.

Sasa jambo lenyewe ni hili: vituo vingi havikuwa na gati. Meli ilifika, hata saa nane za usiku, ikapiga honi na kusimama mbali kidogo na ufuko. Mitumbwi na boti za mbao zikaja mbio kutoka gizani, kila moja ikitaka kuwa ya kwanza ubavuni mwa meli. Watoto wanapitishwa mkono kwa mkono. Magunia ya dagaa yanapanda, mtu mzima anashuka na godoro kichwani, na mawimbi hayamsubiri mtu. Abiria mgeni akikasirika kwamba meli imesimama kwa ajili ya watu watano tu, ajue hao watano hospitali yao na soko lao viko huko inakokwenda.

Wenzetu Wakongo waliipanda kwa sababu nyingine. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Liemba ilitumika kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Uvira. Kambi yetu ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo.

Halafu ikaja 2015. Aprili ile Bujumbura ilichafuka kwa ajili ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na watu wakaanza kuvuka. Wengi walifikia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho karibu kabisa na mpaka. Mbele ni ziwa, nyuma ni mlima mkali, katikati ni ukanda mwembamba wa mchanga. Gari halikufika. Mwezi wa Mei makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamelala pale, maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa, na kipindupindu kikaingia. Watu wapatao 30 walikufa kabla mlipuko haujatulizwa.

Liemba ikaitwa. Ilibeba kama watu 600 kwa safari moja, saa chache tu hadi Kigoma, na kwa kuwa Kagunga hakuna gati, watu walipandishwa kwa njia ile ile ya Kalya na Ikola: mtumbwi kwanza, meli baadaye. Kigoma walipokelewa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawaleta hapa.

Kwa hiyo wewe unayejaza fomu, ukiandika Kigoma peke yake unafuta siku ambazo ni nzito kuliko zote. Mama mmoja jirani yetu alikaa Kagunga siku tisa na akamzika mdogo wake pale pale. Kila alipohojiwa, swali lilikuwa meli ilimshusha wapi. Hakuna aliyemuuliza alipandia wapi.

Tumeanza daftari. Kila ukurasa una jina la kituo juu, na chini yake tunaandika nani alipita, siku gani, alikuwa na nani. Ukurasa wa Kagunga umejaa, tumebandika karatasi nyingine. Daftari liko kwa mwenyekiti wa kikundi, Jumamosi mchana njoo na mzazi wako.