Mashauri kwa Mke: Kutoka Old Alresford hadi Masasi

Katika sura ya pili ya waraka wake kwa Tito, Mtume Paulo hamwachii mhubiri kazi ya kuwafunda wake vijana. Anawapa wanawake wazee: wao ndio wawafundishe wadogo zao kuwapenda waume na watoto wao. Agizo hilo fupi limezaa vikao visivyo na idadi, chini ya miembe, kwenye kumbi za parokia na vyumba vya ndani. Historia ya mashauri kwa wake wa Kikristo ni historia ya vikao hivyo: nani alikaribishwa, nani alifungiwa mlango, na nani alipaswa kuyasikia yaliyosemwa humo lakini hakuwepo.

Kikao kimoja kilichoacha alama duniani kote kilifanyika mwaka 1876 katika kijiji cha Old Alresford, kusini mwa Uingereza. Mary Sumner, mke wa kasisi wa hapo, alikuwa amepata mjukuu kwa binti yake mkubwa, Margaret. Uzazi ule ulimkumbusha jinsi yeye mwenyewe, akiwa mama kijana, alivyokabidhiwa mtoto bila kuandaliwa kwa mzigo huo. Akawaalika akina mama wa parokia nyumbani kwake. Walipofika, woga ukamshika hata akashindwa kusema neno, ikabidi amwombe mumewe, George, azungumze badala yake. Safari iliyofuata alijikaza, akasimama mwenyewe.

Kilichokuwa kipya zaidi ni mkusanyiko wenyewe. Uingereza ya zama za Malkia Victoria ilitenganisha watu kwa matabaka, na mke wa tajiri hakuwa na desturi ya kuketi na mke wa kibarua kama mtu na mwenzake. Mary aliwaalika wote, kwa imani kwamba bibi mwenye watumishi anahitaji kufundwa sawa na mama anayefua nguo za watu. Alitoa kadi zenye ahadi za kusali na kuwalea watoto kwa mfano wa maisha yao wenyewe. Kwake malezi na ndoa havikutenganishwa: mtoto husoma dini kwanza katika namna baba na mama wanavyoishi.

Kwa miaka tisa jambo hilo lilibaki la kijijini. Mwaka 1885, kwenye mkutano wa Kanisa mjini Portsmouth, Askofu Ernest Wilberforce wa Newcastle alitakiwa kuwahutubia wanawake, akaona afadhali azungumze Mary. Mke wa kasisi aliyewahi kushindwa kusema sebuleni kwake akasimama mbele ya umati. Kufikia mwaka 1892 chama chake, Mothers' Union, yaani Umoja wa Akina Mama, kilikuwa na wanachama 60,000. Kufikia 1900 walikuwa 169,000. Mary alifariki mwaka 1921 akiwa na miaka 92, na wakati huo akina mama wa Afrika nao walikuwa wameanza kuingia.

Lakini shabaha ya kwanza ya chama ilikuwa kulinda utakatifu wa ndoa, na hapo ndipo kilipokutana na jaribu lake kubwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1857 ilihamishia talaka kwenye mahakama ya kiserikali, tena kwa mizani iliyopotoka. Mume aliweza kumwacha mke kwa kosa la uzinzi peke yake. Mke alipaswa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama vile ukatili au kutelekezwa. Tofauti hiyo iliondolewa mwaka 1923. Chama kilipinga kupanuliwa kwa talaka, na hofu yake ilikuwa na msingi, kwa kuwa mke aliyeachwa alikuwa na njia chache mno za kujikimu. Ila ukali ule ulimwangukia mtu asiyestahili. Mwanamke aliyetalikiwa hakupokelewa kuwa mwanachama, hata kama kosa halikuwa lake. Aliyehitaji kushikwa mkono kuliko wote akawa ndiye anayebaki nje. Kanuni hiyo ilidumu hadi miaka ya 1970, na ni vigumu kuitetea kwa Injili ya yule aliyezungumza na mwanamke Msamaria kisimani, akijua vizuri habari za waume zake watano.

Mwaka uleule wa 1876 ambao Mary aliwaalika akina mama nyumbani kwake, Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akapita Lindi, akawafikisha Masasi. Huko Kanisa halikukuta uwanja mtupu. Wayao, Wamakua na Wamakonde walikuwa na shule zao za kufunda wali, zenye walimu, nyimbo na siri zake. Msichana hakuolewa bila kupitia mikononi mwa makungwi.

Wamisionari wengi wa zama zile wangepiga marufuku, na wengi walifanya hivyo. Masasi ilichagua njia nyingine. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, anakumbukwa kwa jando la Kikristo la wavulana na malango, yaani unyago wa Kikristo wa wasichana. Sifa hiyo si yake peke yake, maana mapadre Waafrika, wenyeji wa mila zile, walikuwa na mkono mkubwa katika kuamua kipi kibaki na kipi kitolewe. Sala ziliingia, yaliyoonekana machafu yaliondolewa.

Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Anayoambiwa mwali kuhusu mwili wake na chumba cha mume hayasemwi mbele ya wanaume, kwa hiyo askofu hakuweza kuyasimamia wala padre kuyakagua. Ilibidi wategemewe wanawake Wakristo waliokomaa, watu walewale ambao Paulo alimtajia Tito. Masasi iliwapa heshima ambayo misheni nyingi ziliwanyima: ilikubali kwamba mashauri ya ndoa yalikuwa na wenyewe kabla ya Biblia kufika.

Buganda yalitokea mengine. Uanachama wa Umoja wa Akina Mama ulimtaka mwanamke awe amefunga ndoa kanisani, ndoa ya pete, ilhali Wakristo wengi waliobatizwa hawakufunga ndoa hizo. Wakaketi ndani wake wachache wenye pete, na waumini wenzao wengi wakabaki nje.

Umoja wenyewe umebadilika. Sehemu kubwa ya wanachama wake sasa ni Waafrika. Waanglikana wa Tanzania wanaujua kwa jina la UMAKI, na wanaume nao hupokelewa. Tangu mwaka 2000 umeendesha madarasa ya kusoma na kuandika nchini Burundi.

Mlango wa mume, hata hivyo, bado haujafunguka sawasawa. Kwenye kicheni pati za Kikristo mijini, bibi harusi huketishwa katikati akaambiwa anyenyekee, asamehe, atunze siri za nyumba, naye bwana harusi hayupo. Ni kweli kwamba sura ya tatu ya waraka wa kwanza wa Petro huwapa wake aya sita na waume moja tu. Lakini katika Waefeso sura ya 5 wake wanaambiwa yao kwa aya tatu, 22 hadi 24; kuanzia aya ya 25 hadi mwisho wa sura anayesemeshwa zaidi ni mume, tena kwa agizo zito la kupenda hadi kujitoa. Mafundisho ya ndoa ambayo makanisa mengi, Katoliki, Kilutheri na Kianglikana, huwataka wachumba wayapitie kabla ya harusi yana faida hiyo: wawili hao huketi benchi moja, na sura inaweza kusomwa mpaka aya ya 33 bwana harusi akiwa anasikia.