Magnesiamu na Molekuli Sita za Maji

Fuwele za kloridi ya magnesiamu zinazobaki baada ya maji ya chumvi kuvukizwa huonekana kavu, ilhali zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kila ioni ya magnesiamu imezungukwa na molekuli 6 za maji, na kwa kuwa ni ndogo yenye chaji mbili, huzishika kwa nguvu. Kloridi ya bariamu, ya kundi hilohilo la metali, hubeba molekuli 2 tu, nayo huziachia motoni bila kuharibika. Kwa magnesiamu, maji ya mwisho yakipashwa moto huishambulia chumvi yenyewe: klorini hutoka kama gesi ya kloridi ya haidrojeni, na oksidi hubaki.

Tabia hiyo ndiyo iliyoongoza historia ya utengenezaji wa metali hii. Mwaka 1833 Michael Faraday aliipata kwa kupitisha umeme katika kloridi iliyoyeyushwa, na Robert Bunsen akaboresha njia hiyo mwaka 1852. Maabara ilimudu kukausha gramu chache. Kiwanda kilihitaji tani. Ujerumani iliokolewa na migodi ya Stassfurt, yenye kanaliti, chumvi ya potasiamu na magnesiamu ambayo nayo ina molekuli 6 za maji lakini hukaushika bila kuharibika sana. Baadaye Wajerumani walikwepa fuwele kabisa: walichoma oksidi pamoja na kaboni katika klorini, wakapata kloridi isiyo na maji.

Nchini Marekani kampuni ya Herbert Dow, iliyoanza kutengeneza magnesiamu mwaka 1916 kutokana na maji ya chumvi ya Midland, Michigan, ilichagua kuvumilia. Iliacha sehemu ndogo ya maji ndani ya chumvi, ikakubali elektrodi zake za grafiti ziliwe haraka. Uamuzi huo wa kijasiri ulizaa matunda Januari 1941 huko Freeport, Texas, magnesiamu ilipotolewa baharini, ambako lita moja ina takriban gramu 1.3 tu. Chokaa ya maganda ya chaza ilitenga haidroksidi, na asidi ikaigeuza kuwa kloridi.

Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1998. Magnesiamu nyingi sasa hutoka China, kwa njia ya Lloyd Pidgeon wa Kanada: dolomiti iliyochomwa hupashwa moto na ferosilikoni katika ombwe, bila kloridi yoyote.