Mkanda Hausemi Yote: Habari za John Mugabi

Vitabu vya michezo vina tabia moja: vinahesabu mikanda. Nani kautwaa, mwaka gani, nani kampokonya, basi. Ukimsoma John Mugabi wa Uganda kwa mtindo huo, utaambiwa alikuwa bingwa wa dunia wa WBC kuanzia Julai 1989 hadi Machi 1990. Si uongo. Ila mimi nasema hapo bado hujamjua Mugabi.

Mugabi alizaliwa mwaka 1960. Mwaka 1980 alikwenda Moscow kwenye Olimpiki, ile ile iliyotuletea Watanzania medali mbili za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Naye akapata ya fedha, baada ya kushindwa fainali ya uzito wa welta na Andrés Aldama wa Cuba. Kisha akaingia ngumi za kulipwa chini ya mwalimu George Francis wa London, mzee yule yule aliyemnoa John Conteh. Conteh naye si mgeni kwetu. Ndiye aliyemshinda Titus Simba wetu kwenye fainali ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, 1970. Dunia ya ngumi ni kijiji.

Kwa miaka mitano hivi hakuna aliyefika mwisho wa pambano na Mugabi. Kila mmoja aliangushwa au refa alimwokoa. Wakambandika jina la Mnyama, na tiketi zikauzika.

Tarehe 10 Machi 1986, mjini Las Vegas, alipanda uzito kumkabili Marvin Hagler, mfalme wa uzito wa kati. Bwana we, hiyo ilikuwa kazi! Raundi ya sita Hagler alimshindilia mangumi ambayo mtu mwingine angelala. Mugabi akabaki wima, tena anarudisha. Raundi ya 11 ndipo miguu ilipokataa. Akaenda chini, akahesabiwa mpaka kumi. Hagler alishinda, lakini hakushinda tena: Aprili 1987 alipoteza kwa pointi mbele ya Sugar Ray Leonard, akatundika glavu.

Mugabi hakuwa yule tena. Desemba 1986 Duane Thomas alimmaliza raundi ya tatu, jicho likiwa limeumia. Mkanda aliupata 1989 huko Ufaransa kwa René Jacquot, katika raundi ya kwanza, Jacquot alipotegua kifundo cha mguu. Mwaka uliofuata Terry Norris akamnyang'anya, raundi ya kwanza vile vile. Baadaye alihamia Australia, akapigana mpaka 1999. Jumla ni mapambano 50: ushindi 42, kati yake 39 kwa nokauti.

Sasa pima mwenyewe. Usiku uliompa ubingwa aliupata kwa sababu mguu wa mwenzake ulimsaliti. Usiku uliompa heshima mpaka leo ni ule alioshindwa.

Huku kwetu Kitangari neno "daraja" tunalijua sana. Korosho hupewa daraja, na bei hufuata. Anayepanga daraja haulizi ulipalilia mara ngapi wala ulipuliza salfa alfajiri ngapi. Sisi tuliomaliza kidato cha nne nasi tuna daraja letu. Kijana akipata la nne, mtaa mzima unamfunga kama faili. Halafu kesho anakuja mtu kuandika historia ya kijiji, anaanza na waliopata la kwanza na kuishia hapo hapo.

Sisemi matokeo yafutwe. Mugabi alipigwa, kapigwa. Nasema matokeo ni mstari mmoja tu, na mtu ana raundi nyingi. Basi ndugu zangu wa kalamu, ukienda kwa mzee kumwuliza habari zake, usianze na alichoshinda. Mwulize alisimama raundi ngapi, na mbele ya nani.